Nani Atabariki Chakula Nyumbani?



Juma hili hatutafafanua somo la Dominika kama ilivyo desturi yetu. Kuna jambo limetukuta katika jumuiya mojawapo ya parokia yetu hapa Tengeru, nasi tumeona si haki kulinyamazia, hasa kwa kuwa, kama mtakavyoona, sisi wenyewe tumo ndani yake.

Alhamisi jioni tulikwenda kusali na jumuiya hiyo nyumbani kwa mama mmoja mjane. (Jumuiya zetu kadhaa zimekwepa Jumamosi, kwa maana Jumamosi Tengeru ni soko, na anayetaka kuwapata akina mama siku hiyo na awafuate penye ndizi na maparachichi.) Baada ya sala tuliandaliwa loshoro na chai. Watoto wanne wa nyumba ile walinawa mikono, wakakaa mkekani. Kisha watu wote wakatutazama sisi. Hilo tumelizoea, maana padre akiwapo hakuna anayethubutu kuombea chakula. Tukasema, kwa wepesi tu, bila kudhani kwamba tunagusa kidonda: “Leo mama mwenye nyumba atuombee.”

Mama akainamisha kichwa, asiseme neno. Kimya kikarefuka mpaka mwenyekiti wa jumuiya akakohoa. Ndipo mtoto mmoja, wa darasa la tatu, akatujibu kwa niaba ya mama yake: “Padre, mama haruhusiwi. Baba mkubwa amesema ni dhambi.”

Tuliombea chakula sisi wenyewe, tukala, lakini tunakiri kwamba loshoro ile haikushuka vizuri. Baadaye, pale uani, mama alitueleza yote. Tangu mume wake alipofariki, shemeji yake mkubwa ndiye anayeitazama familia ile. Tena anaitazama kwa haki. Analipa ada, ameezeka upya banda la ng'ombe, hakudai hata hatua moja ya shamba. Mtu wa namna hiyo hastahili kudharauliwa. Lakini siku chache baada ya matanga aliwaambia kwamba nyumba yenye mwanamume, mwanamke habariki chakula. Na kwa kuwa kijana mkubwa wa nyumba ametimiza miaka kumi na mitatu, yeye sasa ndiye mwenye sala ya mezani. Kijana akakataa. Hakukataa kwa ukaidi. Tangu kifo cha baba yake amekuwa mzito wa kusema mbele za watu. Basi mama amezuiwa, kijana hawezi, wadogo hawajaulizwa. Nyumba iliyokuwa ikisali kabla na baada ya kula imekaa karibu mwaka mzima ikila kimya.

Kisha mama akaongeza jambo ambalo hatujaweza kulisahau. Alisema kwamba yeye husali wakati wa kupakua, akiwa na mwiko mkononi, kimoyomoyo, ili watoto wasimsikie akavunja amri ya Kanisa.

Amri ya Kanisa! Kesho yake tulikwenda kwa baba mkubwa tukiwa na maneno mengi tuliyoyatayarisha njiani. Alitupokea kwa heshima, akatupa kiti, akatusikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: “Baba Paroko, mimi sikulitunga hilo. Nilikusikia wewe.” Akatutajia na siku yenyewe: misa ya ndoa, kanisa limejaa, nasi tukihubiri kwamba baba ni kuhani wa nyumba yake, na kwamba madhabahu ya nyumbani ni meza, na anayesimama madhabahuni ni kuhani.

Wapendwa, tulisema hivyo. Tunaikumbuka homilia ile, na tunakumbuka jinsi tulivyoipenda tulipoiandika. Nia yetu ilikuwa kuwaamsha akina baba. Nani asiyejua hali ilivyo? Njoo kwenye jumuiya yoyote uhesabu: WAWATA wamejaa, watoto wamejaa, na akina baba ni wawili, mmoja wao akiwa ni katekista. Tulitaka kuwatia wanaume wivu mtakatifu. Lakini neno lililosemwa ili kumsukuma baba aliyelala, limefika katika nyumba isiyo na baba, likamfunga mama mdomo. Padre hajui neno lake litalala kwa nani usiku ule. Tunaomba radhi kwa mama yule, na kwa kila nyumba ambayo homilia ile iliingia kwa namna hiyo.

Basi tuulize kwa utaratibu: je, ipo sheria ya Kanisa inayosema nani aongoze sala ya chakula katika familia? Jibu ni kwamba hakuna kanuni inayompa baba peke yake sala hiyo, wala inayomkataza mama, wala inayomkataza mtoto. Yapo mafundisho juu ya baraka kwa jumla, na hayo yanafaa kujulikana, kwa sababu ndimo mchanganyiko unamozaliwa.

Kanuni ya 1168 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema kwamba mhudumu wa visakramenti ni kleri mwenye mamlaka husika. Lakini papo hapo inaongeza kwamba baadhi ya visakramenti vinaweza kutolewa hata na walei wenye sifa zinazotakiwa, kadiri ya vitabu vya liturujia. Mwaka uliofuata, 1984, kikatolewa Kitabu cha Baraka, na utangulizi wake unawataja walei, wanaume kwa wanawake, kwamba kwa ukuhani wa wabatizwa wote wanaweza kuongoza baraka fulani. Na mfano unaotolewa pale ni wazazi kwa ajili ya watoto wao. Ni wazazi, si baba peke yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1669, inaeleza sababu: kila mbatizwa ameitwa awe baraka na abariki. Kisha inaweka kipimo: kadiri baraka inavyogusa zaidi maisha ya Kanisa na sakramenti zake, ndivyo inavyowekwa mikononi mwa maaskofu, mapadre na mashemasi. Kubariki kanisa jipya si kazi ya mlei. Bakuli la makande halimo katika hesabu hiyo.

Lakini andiko lililotuumbua sisi ni namba 1657 ya Katekisimu hiyo hiyo. Inafundisha kwamba nyumbani ndipo ukuhani wa wabatizwa unapotekelezwa kwa namna ya pekee, na inawataja kwa pamoja baba wa familia, mama, watoto na wote wa nyumba hiyo. Sisi tulisoma hadi neno “baba”, tukaweka nukta.

Yapo pia matatizo ya lugha. Watu wetu husema “kubariki chakula”, na mtu akisikia “kubariki” humwona padre mwenye stola na maji ya baraka. Lakini sikilizeni maneno ya sala ile mliyofundishwa katika katekesi. Anayesali hasemi kwamba yeye anakibariki chakula. Anamwomba Bwana atubariki sisi na vyakula tunavyovipokea kwa ukarimu wake. Mwenye kubariki ni Mungu. Aliye mezani ni mwombaji. Na kuomba hakujawahi kuhitaji daraja, wala ndevu.

Hatutaki kuwaficha kwamba zamani mambo hayakuwa hivi daima. Katika maandiko ya kale yajulikanayo kama Mapokeo ya Kitume, ambayo kwa muda mrefu yalihesabiwa kuwa kazi ya Hippolytus wa Roma, yamo maelekezo juu ya karamu ya pamoja ya waamini. Askofu asipokuwapo, padre au shemasi ndiye hutoa mkate wa baraka. Na walei wakiwa peke yao wale kwa utaratibu, kwa maana mlei hawezi kutoa baraka ile. Mtu anaweza kulishika andiko hilo na kutuletea. Tutamjibu kwamba lilihusu mkutano wa Kanisa na mkate uliogawiwa kwa jina la Kanisa, si chakula cha usiku cha baba, mama na watoto wao. Hata hivyo linatuonyesha kwamba wasiwasi wa baba mkubwa una mizizi mirefu. Si ujinga wa kijijini.

Tena wenzetu Wayahudi, ambao mezani pao Bwana wetu alijifunza kushukuru, waliwahi kulijadili jambo hili kwa undani. Walimu wao, katika Talmudi, waliuliza kama mke anaweza kusema baraka ya chakula kwa ajili ya mumewe, au mwana kwa ajili ya baba yake. Wakajibu kwamba inawezekana. Lakini wakaongeza ole kwa mwanamume ambaye mkewe na wanawe ndio wanaomsemea baraka! Walielewa ole hiyo kuwa juu ya mtu ambaye alipaswa kujifunza na hakujifunza. Tunawaomba akina baba waitafakari ole hiyo. Aibu haikuwekwa juu ya mke aliyefungua kinywa. Iliwekwa juu ya mume aliyefunga chake.

Katika Maandiko yetu wenyewe tunaona mambo ya kushangaza kuhusu nani anashika mkate. Kule Emau, sura ya 24 ya Luka, wanafunzi wawili wanamkaribisha mgeni, na kwa desturi mwenye nyumba ndiye angeumega mkate. Lakini mgeni anautwaa, anabariki, anaumega, na hapo ndipo macho yao yanafumbuliwa. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, kuna merikebu yenye watu 276. Yupo nahodha, yupo mwenye merikebu, yupo akida wa Kirumi, na wengi wao hawamjui Kristo. Kwa siku kumi na nne hawajala sawasawa kwa hofu ya dhoruba. Anayetwaa mkate na kumshukuru Mungu mbele yao wote ni Paulo, mfungwa, mtu asiye na cheo hata kimoja mle ndani. Tungefuata kanuni ya “mwenye nyumba kwanza”, watu wale wangekaa na njaa yao.

Mtatuambia: lakini Paulo huyo huyo amesema mume ni kichwa cha mke. Amesema, katika Waefeso sura ya 5. Ila mstari unaotangulia maneno hayo unawataka wote wanyenyekeane katika kumcha Kristo, na Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya hadhi ya mwanamke wa mwaka 1988, alifundisha wazi kwamba unyenyekevu huo ni wa pande zote mbili. Hata Papa Pius XI, ambaye hakuna atakayemshuku kwa usasa, alipoandika juu ya ndoa tarehe 31 Desemba 1930 alimwita mume kichwa na mke moyo wa familia. Na papo hapo akasema kwamba mume akiacha wajibu wake, mke ndiye ashike nafasi yake katika kuiongoza familia. Kama ni hivyo kwa mume aliye hai na mzembe, vipi kwa mume aliyelala kaburini?

Hapa Tengeru tuna ushuhuda wa jambo hili karibu na nyumba zetu, na tunasikitika kwamba vijana wengi hupita njia ile bila kuujua. Kuanzia mwaka 1942 ilikuwapo hapa kambi ya wakimbizi wa Poland, watu wapatao 5,000. Walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka kwao na kupelekwa Siberia na sehemu nyingine za Urusi ya Kisovyeti, wakatoka kwa njia ya Irani, wakafikishwa chini ya Mlima Meru. Waliobaki kwao ni makaburi tunayoyaona hadi leo. Wengi wa watu wale walikuwa wanawake na watoto, kwa sababu wanaume wenye nguvu walikuwa vitani katika jeshi la Jenerali Anders, au walikuwa wamekufa njiani. Walikuwa Wakatoliki kwa sehemu kubwa, na imani yao waliilea katika vibanda vile vya mviringo mpaka kambi ilipofungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sisi hatukuwapo. Lakini tunauliza: katika kibanda cha mama na watoto watatu, baba yuko vitani Italia, nani aliombea chakula? Kama mama wale wangengoja mwanamume, watoto wale wangekua bila kujua ishara ya msalaba.

Na tusiende mbali hadi Poland. Tuhesabu nyumba zetu wenyewe. Wapo akina baba madereva wa malori, wapo walinzi wa usiku mjini Arusha, wapo wanaopanda na watalii na kurudi baada ya siku nyingi, wapo waliokwenda Mererani na hawajarudi. Wapo pia, Mungu awahurumie, wanaorudi kila siku lakini chakula kimekwisha kuliwa. Tukiisimamisha sala mpaka baba aje, tumeisimamisha kabisa.

Ndoa za mchanganyiko nazo ni nyingi, maana katika Meru hii ndugu zetu Walutheri ni wengi na ni majirani, mashemeji na wakwe zetu. Tumeulizwa mara nyingi: mume wangu ni Mlutheri, naye anapenda kuomba kabla ya kula kwa maneno yake mwenyewe, je, niitikie? Itikia Amina, mama, tena kwa sauti. Anamshukuru Baba yule yule, kwa jina la Kristo yule yule. Nawe siku yako ikifika, sali kama ulivyofundishwa, ukianza na ishara ya msalaba, bila kuificha chini ya kitenge. Ahadi uliyoitoa, ya kufanya yote uwezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki, haitatimia kwa mdomo uliofungwa. Kuhusu dada wa kazi aliye Mwislamu, tunasema tu kwamba asilazimishwe kuongoza wala asifukuzwe mezani wakati wa sala.

Sasa juu yetu sisi mapadre. Kitabu cha Baraka kinasema kweli kwamba padre au shemasi akiwapo, uongozi wa baraka aachiwe yeye. Ni jambo jema na tunalishukuru. Lakini desturi hiyo imetuzaa watu ambao padre akiingia, wanasahau kusali. Tumeingia nyumba ambamo bibi wa miaka themanini, aliyewafundisha sala watoto na wajukuu, anangoja kijana aliyepewa daraja mwaka jana amfungulie njia ya kunywa chai. Sisi tumeamua, na baadhi ya mapadre wenzetu hawakubaliani nasi katika hili, kwamba tukiwa wageni wenu katika chakula cha kawaida tutamwomba mmoja wa nyumbani aongoze, kisha tutaibariki familia wakati wa kuondoka. Tunaona hivyo tunajifunza jinsi nyumba ile inavyosali wakati sisi hatupo, na hilo ndilo hasa tunalotaka kulijua.

Wapo wazee waliotuonya kwa upole kwamba tukisema haya, akina baba watapata kisingizio. Mmoja alituambia: “Padre, ukimwambia mwanamume kwamba si lazima yeye, umemruhusu alale.” Onyo hilo ni la kweli na limetusumbua. Hatuna jibu kamili. Tunachoweza kusema ni kwamba baba hapewi heshima kwa kunyamazishwa wengine. Tumeona nyumba moja ambamo wanapokezana kwa siku, kila mtu na siku yake, kuanzia mtoto wa chekechea; na baba wa nyumba ile, ambaye zamani hakuwa msalaji, alianza kwa kuona aibu siku yake ilipofika na mtoto wake wa miaka mitano akamkumbusha maneno. Tumeona pia nyumba ambamo baba anaongoza kila siku, kwa bidii na kwa upendo, na hakuna anayelalamika. Aendelee. Hatujaja kumpokonya.

Tuseme kidogo tulivyomaliza. Baba mkubwa alitusikiliza hata kuhusu Emau na merikebu ya Paulo, na kuhusu namba 1657 akaomba aione kwa macho yake, kwa hiyo tukaenda naye hadi ofisi ya parokia tukamfungulia kitabu. Aliisoma mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo hatukulitarajia: “Kwa hiyo mwaka mzima nimewazuia kusali?” Tukamwambia kwamba tumewazuia wawili, yeye na sisi.

Alhamisi hii tulikutana tena kwa mama yule, naye baba mkubwa akaja, amevaa koti kana kwamba ni Dominika. Chakula kilipowekwa, mama alisali kwa sauti ndogo sana. Alikosea katikati, akarudia. Yule mdogo wa darasa la tatu akasema Amina kabla hajamaliza. Kijana mkubwa hakusema kitu, ila wakati wa kunawa alituambia kwamba siku yake ikifika atasoma kutoka kwenye karatasi, na akatuuliza kama karatasi inaruhusiwa. Tulimwambia kwamba hata sisi Misa tunaisoma kitabuni.

Wakati wa kuagana baba mkubwa alimwuliza mama afanyeje yeye akija Dominika, aombe au angoje aambiwe. Mama akamjibu: “Shemeji, ukija utatuombea wewe. Usipokuja, tutaomba wenyewe.”